Kesi Iliyokufa Niliyoifundisha Miaka Sita

Hebu mnishushie hiyo maikrofoni kidogo, mimi si mrefu kama mchungaji. Hapo hapo, asante. Ndugu zangu, sitangoja mniitikie mara tatu ndipo nianze, maana tangu Ijumaa nimeyabeba haya maneno kifuani, na nikiyabeba dakika moja zaidi nitapasuka. Mungu ametenda! Mama yangu wa makarai, keti kwanza, nakuja kwako. Usianze kulia kabla yangu.

Wengi hapa mnanijua kama yule mama wa nyumba ya kona anayewakemea watoto wakipiga mpira kwenye lango lake. Ndiye mimi, na bado nitawakemea. Lakini mimi pia ni wakili; siku za wiki huwa nafundisha wanafunzi wa sheria chuo kikuu, na Jumamosi niko hapa ukumbini nikiwasaidia majirani walioandikiwa barua za kutisha na mawakili. Somo langu ni utafiti wa sheria, ule wa juu, wa mwaka wa mwisho. Najua jina lenyewe linaleta usingizi. Kuna mzee mmoja wa jumuiya yetu aliyeniuliza, "Kwani sheria si iko kwa kitabu, mwalimu? Unatafuta nini tena?"

Nitawaeleza kwa ufupi, msilale. Jaji akitaka kuamua kesi yako, hutazama wenzake waliamuaje kesi kama hiyo huko nyuma. Kwa hiyo wakili husimama na kusema, "Mheshimiwa, mtu kama huyu mama alishawahi kusikizwa, na mahakama ikasema hivi." Mimi nafundisha jinsi ya kuzisaka hizo hukumu, kuzisoma, na kuhakikisha bado zina nguvu. Maana hukumu nazo hufa. Mahakama ya juu ikiitengua, imekwisha, hata kama imechapwa kwa herufi nzuri namna gani.

Sasa sikieni majivuno yangu. Nilikuwa na noti zangu, bunda la kurasa themanini. Miaka sita sikubadilisha hata nukta. Yule jamaa wa fotokopi nje ya chuo hakuuliza tena, akimwona mwanafunzi amesimama tu, anamkabidhi bunda. Wanafunzi waliliita Biblia ya Madam. Mchungaji, nisamehe, mimi badala ya kuwakemea nilitabasamu! Na katika ukurasa wa nne kulikuwa na kesi niliyoipenda kuliko zote, ya fundi aliyefukuzwa kwenye kibanda chake bila kusikizwa, mahakama ikaamuru arudishwe. Niliifundisha nikiwa nimesimama kwa ncha za vidole, kwa raha.

Ndipo akaja huyu mama. Mnamjua, anatengeneza makarai na ndoo pale Kariobangi, na sioni nyumba humu isiyo na karai lake. Alikuja Jumamosi moja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwenye kiwanja anataka mafundi wote wa safu ile waondoke, na wa kwanza ni yeye. Miaka kumi na tisa amegonga bati mahali pale. Akaniambia, "Mwalimu, mimi sina kazi nyingine mikono yangu inajua."

Ndugu zangu, nawaambia, nilifurahi! Si kwa shida yake, Mungu anajua, ila kwa sababu nilijiona tayari nimeshinda. Ukurasa wa nne! Nilimwambia aende akalale usingizi, kesi yake nimeshaimaliza. Nikaandika ombi la kuzuia wasimwondoe, nikaegemeza kila kitu juu ya ile kesi yangu moja. Sikuiangalia tena. Niiangalie ya nini na naijua kwa moyo?

Jumatatu tukaenda kortini, mama amevaa kitambaa chake cha kanisa. Upande wa pili alisimama wakili kijana, tai imenyooka. Nikamtambua mara moja. Nilimfundisha mimi! Nikamtabasamia. Nikatoa hoja zangu, nikaitaja kesi yangu kwa mbwembwe zote. Nikakaa chini.

Akainuka pole pole, hata hakunitazama. Akasema, "Mheshimiwa, kwa heshima kubwa kwa mwalimu wangu, hukumu anayoitegemea ilitenguliwa na Mahakama ya Rufaa miaka miwili iliyopita." Akapeleka nakala mbele.

Jaji akafungua, akasoma kidogo, akavua miwani. "Wakili, ulijua haya?" Nikasema sikujua. Akaniuliza tena, taratibu, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma, "Na ndiwe unayefundisha utafiti?" Nikatamani sakafu ipasuke. Akanipa mpaka Ijumaa. Nikirudi bila msingi mwingine, ombi linaanguka na mama anatoka. Tulipofika nje mama aliniuliza jambo moja tu, "Mwalimu, imeharibika?" Nilimwacha pale kwenye ngazi, mteja wangu, jirani yangu, nikaenda zangu.

Jumanne sikwenda darasani. Nilituma ujumbe kwamba mgongo unauma. Mgongo ulikuwa mzima, ndugu zangu, ilikuwa haya. Nililala na nguo za Jumatatu, nikakata shauri kuandika barua ya kuacha kazi. Na ile hukumu ya rufaa ilikuwa ndani ya mkoba, sikuigusa. Nilisoma muhtasari wa mbele, mistari minane, nikaifunga kama mtu aliyeona nyoka.

Jumatano asubuhi lango likagongwa. Nani? Mama! Amebeba ndoo mpya kichwani. Nikajua amekuja kunitukana, na nilikuwa tayari kutukanwa. Akasema, "Toka nje, mwalimu. Huku ndani hakuna jua."

Nikatoka. Akanikabidhi ile ndoo. "Iinue juu, uangalie ndani. Unaona nini?" Nikainua, nikatia kichwa ndani kama mtoto. Kulikuwa na nukta ya mwanga kwenye kiungo cha chini, ndogo kama ncha ya sindano. Nikamwambia ina tundu.

"Hiyo nimeitengeneza mimi," akasema. "Nimeiangalia mara mbili sijaona. Jirani yangu ameiinua mara moja, ameona. Pale kwetu fundi haruhusiwi kuinua ndoo yake mwenyewe akasema ni nzima. Unampa mwenzako. Jicho lako limeshaipenda, litapita juu ya tundu na halitasimama." Kisha akaniuliza, "Hiyo kesi yako, nani alikuinulia?"

Haleluya! Niliganda pale langoni na ndoo mkononi. Miaka sita! Hakuna aliyeniinulia, kwa sababu sikumpa mtu. Na vibaya zaidi, nilikuwa nawafundisha wanafunzi kuibeba ndoo yangu bila kuangalia ndani. Yule wakili kijana alinishinda kwa sababu alithubutu kuinua.

Sikuoga vizuri, nawaambia ukweli. Nilivaa, nikaikamata ile ndoo, nikaenda chuo nayo. Darasa la mchana lilidhani nimechanganyikiwa. Nikawaambia yote: kesi imekufa, niliipeleka kortini ikiwa maiti, na jaji amenivulia miwani. Hakuna aliyecheka. Nikararua bunda mbele yao, nikagawa, kila mtu kesi mbili. Sheria mpya ya darasa: aliyeileta kesi hawezi kusema iko hai. Atampa mwenzake, mwenzake atafuatilia kama iliwahi kukatiwa rufaa au la, nani aliifuata, nani aliikataa, na atasoma mpaka aya ya mwisho, si muhtasari.

Lo! Mngeona maktaba siku hiyo! Watu wanaitana kutoka kompyuta hadi kompyuta. "Madam, hii imekufa!" "Na hii ni mgonjwa, imekataliwa mara mbili!" "Hii yangu iko fiti kabisa, ata imefuatwa juzi!" Msimamizi wa maktaba alikuja kutunyamazisha, akaishia kuchukua kesi mbili zake. Kesi saba za bunda langu zilikuwa zimekufa. Saba! Nililia, kisha nikaanza kucheka, kwa maana sijawahi kuona darasa langu likiwa na uhai hivyo.

Ile hukumu ya rufaa niliyoiogopa nilimpa mwanafunzi mmoja anayekaa nyuma. Ni mtu mzima, ana mvi kuliko mimi, analinda ghala huko Industrial Area na kusoma sheria siku anazopumzika. Alikuwa mkimya mno. Tangu mwanzo wa muhula sikumbuki akinyoosha mkono. Alisoma kurasa thelathini na moja kidole kikifuata mstari, kama anavyokagua karatasi za lori langoni. Halafu akasimama, kiti kikaanguka.

"Madam, kuja uone! Imetenguliwa, ni kweli, lakini cheki sababu. Yule fundi wa kwanza alikuwa ameshahama mwenyewe kabla ya kwenda korti. Ndiyo maana wakaitupa. Sasa soma hapa mwisho!"

Nikasoma. Majaji walisema, wazi kabisa, kwamba mtu ambaye bado anafanya kazi mahali hapo ni lazima asikizwe kwanza kabla ya kuondolewa. Bado anafanya kazi! Na mama yangu asubuhi hiyo hiyo alikuwa amegonga bati! Hukumu iliyonizika ndiyo iliyokuwa inaniita nitoke kaburini, na mimi nilikuwa nimeifungia mkobani siku mbili. Sikumwamini hata huyo mwanafunzi haraka hivyo. Tukampa mwingine ainue, na mwingine. Hakuna tundu.

Ijumaa nikarudi kortini. Kwanza nikaomba radhi, nikasema kesi yangu ya Jumatatu ilikuwa imekufa na ilikuwa wajibu wangu kujua. Kisha nikasema, "Mheshimiwa, naitegemea hukumu aliyoileta mwenzangu. Aya ya mwisho." Nikaona kijana wa tai anafungua nakala yake, anafunua, anafunua, uso unabadilika. Hakuwahi kufika huko! Jaji akasoma, akaamuru asiguswe mtu mpaka kesi isikizwe yote. Mama akapiga kigelegele ndani ya korti, askari akamwonyesha kidole mdomoni huku anacheka.

Kijana alinifuata nje. "Madam, nilisoma muhtasari tu." Nikamuuliza nani alimfundisha hivyo. Akasema, "Si ni wewe?" Tulicheka mpaka tukashikana mikono. Wiki ijayo anakuja darasani kuwainulia wanafunzi wangu.

Kesi bado haijaisha, msiache kuomba. Lakini jana nilipita Kariobangi na nyundo zinalia safu nzima, na niliusikia ule mlio kama kwaya.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wanafunzi wangu, wamekaa kule nyuma, simameni muonekane! Nakushukuru mama, ulinijia siku ambayo mimi ndiye niliyepaswa kukujia. Na kwenu nyote nasema hivi: kile unachokijua kwa moyo, ukiona hakuna aliyekikagua miaka mingi, mpe mwenzako akiinue. Usimpe anayekuogopa. Mpe atakayekuambia.

Nilidhani nitamaliza hapo. Lakini asubuhi, kabla ya ibada, nilimsimulia mama ushuhuda huu wote aniinulie. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kuna tundu moja, pale kwa yule mkimya wa nyuma. Unalijua. Liseme mwenyewe."

Nalijua. Nilimwambia jaji sikujua, na nyinyi nimewaambia hivyo hivyo, tena nikasema sikumbuki akinyoosha mkono. Lakini wiki ya pili ya muhula huu aliunyoosha nikiwa nimesimama kwa zile ncha za vidole. Akaniuliza, "Madam, hii kesi bado iko hai?" Nikamjibu mbele ya wote, "Wewe soma ulichopewa, kama unataka kutoka kwa lango la ghala." Watu wakacheka. Hakuuliza tena kitu. Ndiyo maana alikuwa mkimya.

Ndugu yangu wa pale nyuma, kaa tu umesimama hivyo hivyo. Swali lako lilikuwa zuri, na mimi nilikuumiza. Nisamehe. Jibu lake, nimechelewa nalo muhula mzima, ni hili: hapana, haiko hai. Uliona tundu kabla yangu.