Mama Vipande na Kitabu cha Mashine

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka dobi wa hospitali, Mama Vipande. Ametutoka juzi, akiwa na miaka sabini na minne. Thelathini kati ya hiyo alifua mashuka ya wagonjwa.

Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Maneno mafupi aliyamudu. Marefu yalimtoa jasho.

Kisha ikaja mashine mpya ya kufulia. Kitabu chake cha maelekezo, Kiingereza kitupu! Mkuu wa hospitali akasema asiyeweza kukisoma hataigusa. Aliwapa madobi wiki mbili, kisha angeleta watu wengine. Madobi walikuwa saba. Wote saba roho juu.

Binti wa Mama Vipande, muuguzi, anasimulia: "Nilimkuta mama amelikodolea macho neno moja, *disinfection*. Nikaliziba kwa kiganja, nikamfunulia kidogo kidogo. *Dis*, kuondoa. *Infect*, kuambukiza. *Ion*, linakuwa jina la tendo. Akaruka! 'Kumbe ni kuondoa maambukizi! Mwanangu, mbona hata sisi kwa Kiswahili tunaunga maneno hivi hivi? Ha-tu-ta-ya-ogopa! Neno moja, vipande vitano!'"

Jina likamganda hapo hapo.

Basi, wasikilizaji wapendwa, meza ya kupigia pasi ikawa darasa. Kila mchana, wakishakula, Mama Vipande aliandika neno refu kwa chaki. Walipiga makofi silabi kwa silabi, kisha wakasaka maana. Dobi mwenzake bado anacheka: "Mimi nilishikilia kuwa *dis* ni sahani. Akaniambia, 'Shemeji, wewe utatuoshea vyombo humu!'"

Siku ya jaribio ikafika. Mkuu mwenyewe alishindilia mashuka kwenye mashine, akamfungulia Mama Vipande ukurasa, akaweka kidole kwenye *No overloading*.

Mama akaliziba neno refu, akafunua. "*Over*, kupita kiasi. *Load*, mzigo." Akasita. Akafunua kipande cha mwisho. "*Ing*, ndiyo kule kufanya kwenyewe. Bwana mkubwa, kitabu kinakataza kujaza kupita kiasi. Na hiyo uliyoijaza wewe, mlango haufungiki!"

Mkuu akageuka, akaona, akacheka mpaka akavua miwani. Madobi wote saba walibaki kazini. Wote saba! Mama Vipande alistaafu akiwa msimamizi wao.

Alituaga asubuhi, kitandani kwake, binti akimsomea gazeti. "Alinisahihisha mara mbili," anasema binti.

Kwa binti huyo, wajukuu na madobi wote, poleni sana. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, ni jambo gani mmelipa kisogo kwa sababu tu ni refu? Leo lianzeni.