Muuza Ukili Aliyekuja Harusini

Asalaam alaykum, mama zangu, na nyie wanangu mliokaa karibu na sinia la visheti. Nawaona. Kuleni, ila tafuneni polepole, maana leo sirudii.

Mmezoea nikisimama hapa mnacheka. Naigiza shehe mwenye mafua, naigiza mwenyekiti wetu anavyogomba tukichelewa kuja kusuka mikeka. Hata sasa kuna mtu kishaziba mdomo na mtandio, anasubiri. Shusha mtandio, mama. Leo nasema jambo lililotoka kwenye mdomo huuhuu, na binti yangu mkubwa yupo, kakaa pale mlangoni, halijui. Ndiyo maana leo sichekeshi.

Mimi si wa mjini. Kwetu Makurunge huko, Wakwere. Nimekuja Bagamoyo kuolewa, nikakuta watu wanaongea kama wanasoma maulidi. Nikajifunza upesi. Mwaka haujaisha, lafudhi ya kwetu nimeshaivua kama kanga chafu. Kusuka nikaacha, nikasema vidole vitaota sugu.

Na mama yangu kazi yake ndiyo hiyo, kusuka ukili, ile mikanda ya kushonea mikeka. Anachana ukindu, anatia rangi, anasuka, anashona mkeka. Huku anasuka ananong'ona, anahesabu kwa Kikwere, na kila akikunja anamswalia Mtume.

Siku namwoza huyu binti, kwetu sikualika mtu. Nilisema nitawaeleza baadaye. Ukweni kwake watu wa mjini, nikaogopa. Mama akasikia kwa watu, akaja.

Mimi niko uani katikati ya wakwe wapya, nawachekesha. Namwigiza mwanamke wa shamba: "Habali za hapa, jamani bibi halusi kapendeza." Wanajipiga mapaja. Nageuka, mama kasimama penye wigo, mkeka kichwani, vumbi mpaka magotini. Sauti niliyokuwa naiigiza ni yake.

Mkwe mmoja akaniuliza, "Huyu nani?"

Ndugu zangu, nawaambia, lilikuwa jibu la maneno mawili tu: mama yangu. Nikasema, "Huyu anatuletea ukili."

Mama akanitazama. Akatua mkeka chini taratibu, akawaambia wale wanawake, "Ndiyo, mama zangu. Mimi muuza ukili tu. Nimemletea bibi halusi zawadi."

Akakaa na wapishi, akala vitonge viwili, akaondoka. Hakuniumbua. Bora angeniumbua. Bibi harusi yuko ndani na somo wake, hakumwona. Jioni akaniuliza, bibi mbona hajaja? Nikamwambia anaumwa.

Nikasema nitakwenda kumwomba radhi fungate ikiisha. Ikaisha. Nikasema baada ya mfungo. Baada ya mfungo nikasema mvua. Nimefika Makurunge mama keshavikwa sanda.

Tangu hapo, nikisimama kuswali nasikia, "Mimi muuza ukili tu." Nikaacha kuswali. Nyie mkija kuniita tukaswali nilikuwa najitia naumwa magoti, mnanipa pole, mnanikanda kwa mafuta ya nazi. Nimeyapokea yale mafuta bila haya.

Mdogo wangu aliniletea furushi siku ya arobaini, ukili wa mama, haujaisha, ncha zake bado ziko wazi. Akasema tu, "Dada, huu wako." Nikautia uvunguni, ukakaa miaka.

Aliyenifanya niutoe ni mwalimu wetu wa darsa. Mnamjua anavyoongea, neno moja moja kama anachagua mchele. Alinikuta adhuhuri nimelala, nikashindwa kusema magoti, nikamwaga yote. Nilidhani ataniambia nimeshapotea. Akasema, "Mwombee mama yako. Toba ni kwa Mungu, mlango haujafungwa. Na ile kazi aliyoiacha, kaimalize."

Nikakaa na ukili. Vidole vimesahau. Nasuka, unakwenda upande kama mlevi. Nafumua, narudia. Siku ya tatu nikaanza kuhesabu kama yeye, kwa Kikwere, kwa sauti yake ile niliyoichekeshea watu. Nikamswalia Mtume pale alipokuwa akimswalia. Vidole vikafuata. Mimi nimeigiza watu maisha yangu yote, sijawahi kulia katikati. Siku ile nililia, na mkono hausimami.

Nimeushona msala. Huu hapa, upitisheni. Mtauona pale wake unapoishia na wangu unapoanzia: wake umebana, wangu umelegea. Paji langu la uso linaangukia hapo kwenye kiungo. Naswali sasa. Sauti ile bado naisikia, siwadanganyi. Ila sasa naijibu, namwombea.

Nakushukuru mwalimu. Namshukuru mdogo wangu, ambaye hakunifungia mlango. Nyie wa kusuka Ijumaa mlionipa ukindu bila kuuliza wa nini, kisha mkanikaribisha nisuke nanyi, Mungu awape. Na mwenye mama aliye hai na kamkosea, asingoje tumalize duwa. Viatu viko pale, aende sasa hivi.

Sasa wewe, binti yangu. Usiinamishe kichwa, hujakosa kitu, mwenye aibu ni mimi. Ule mkeka wako wenye rangi ya zambarau, unaowalazia wanao, unaoniuliza kila siku nani aliuleta. Bibi yako hakuwa anaumwa, mwanangu. Alikuja. Alikuja kwa miguu, kaubeba kichwani, na mimi nikamkana.