Mzee Mara-Mbili Anaagwa kwa Mara ya Pili

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha katika Idara ya Lugha, mwenzetu anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu. Wasomaji wenye kumbukumbu nzuri watasema habari hii wameshaisoma. Ni kweli. Miaka miwili iliyopita jarida hili lilimuaga kwa kurasa mbili na picha, tukakata keki, tukampa begi la safari, na mkuu wa idara akafunga hotuba kwa kutukumbusha kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wiki tatu baadaye koleo lilirudi kazini. Lile begi analitumia kubebea karatasi za kusahihisha.

Kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kwa uchovu kidogo. Maneno mazuri niliyokuwa nayo niliyamaliza siku ile.

Jina lake kamili liko kwenye cheti atakachokabidhiwa. Humu ndani anaitwa Mzee Mara-Mbili, na jina hilo alilipata kihalali. Kila mwaka kabla ya muhula kuanza, idara huwapima wote wanaoomba kusoma shahada ya lugha ya kigeni. Waliofaulu somo la lugha hiyo sekondari hupimwa ili wapangiwe kundi: wanaoanza, wa kati au waliotangulia. Wasio nalo kwenye cheti, ama kwa sababu shule yao haikuwa na mwalimu, ama kwa sababu lugha waliiokota kazini na redioni, hupimwa ili ionekane kama wanaweza kuingia kabisa. Kwa hao, mtihani huu ndio mlango pekee. Sehemu inayowatoa jasho ni imla: sentensi kumi na mbili, kila moja inasomwa mara mbili, na mwombaji anaandika anachosikia. Msomaji amekuwa yeye tangu mwaka wake wa pili kazini.

Ana namna yake ya kusoma. Mara ya kwanza macho huwa kwenye karatasi. Mara ya pili macho huwa kwenye kalamu za watu. Haendi kwenye sentensi inayofuata mpaka kalamu ya mwisho ukumbini imenyanyuka, au mpaka ajiridhishe kwamba mwenye kalamu hiyo hana tena cha kuandika. Husoma amesimama. Kiti anachowekewa hukitundikia koti.

Mazoea yana taabu, na kazi hii ilimfuata mpaka nyumbani. Shemeji yetu, yaani mkewe, ambaye ni fundi cherehani na hapendi kupotezewa muda, anasema mezani huombwa chumvi mara mbili, na katikati kuna kituo. Watoto wao walipokuwa wadogo hawakuwa wakiitika mwito wa kwanza, kwa kuwa wa pili ulikuwa njiani. Na fundi bomba aliyekuja kurekebisha choo cha ghorofa yetu aliondoka akilalamika kwamba yule mzee amemfanya kiziwi.

Ametumikia pia Kamati ya Udahili kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote mwenye akili timamu. Mimi nimeketi humo naye, na najua ninachokisema. Mwaka huu sifa za kujiunga ni ufaulu wa masomo mawili, mwaka ujao ni matatu, mwaka unaofuata tunarudi kwenye mawili na kupongezana kwa mageuzi. Chai inaletwa imepoa. Mtu anauliza swali lililojibiwa kabla hajaingia. Mzee Mara-Mbili aliyaacha yote hayo yapite juu ya kichwa chake, ila moja: kila lilipotolewa pendekezo la kufuta mtihani na kutegemea vyeti peke yake, aliomba nafasi ya kuzungumza, akasema hapana, akaweka kituo, akasema hapana tena. Alisema cheti kinaeleza mtu alisoma shule gani, hakielezi masikio yake yamesikia nini. Sijawahi kupata jibu la hoja hiyo, na sijui aliyelipata.

Hiyo ndiyo sababu ya kurudi kwake. Alipostaafu mara ya kwanza, kamati ilisema msomaji ameondoka, hakuna mwingine, basi mtihani ufe kifo chake cha kawaida. Kutumia sauti ya kurekodi tulishajaribu mwaka mmoja. Mashine haioni kalamu. Ilifika sentensi ya tano nusu ya ukumbi ikiwa bado kwenye ya tatu, na wa viti vya nyuma walisikia kitu kama mtu anayegombana ndani ya pipa. Katibu muhtasi wetu alimpigia simu kumpa habari, na kesho yake tukamwona langoni, koti mkononi, anakuja kuomba mkataba wa miaka miwili.

Safari ile ya begi ilikuwa ya kwenda kwa binti yao mkubwa, anayeishi mbali, kumwona mjukuu wao wa kwanza. Ikaahirishwa. Wakati huo mjukuu hakuwa na jino hata moja. Siku hizi anashika simu mwenyewe na kuuliza babu yuko wapi. Nilipokutana na shemeji sokoni aliniuliza swali moja tu: “Shemeji, kwani siku ile nyie mlimuaga nani?” Nikacheka, yeye hakucheka.

Tulijaribu kumtafutia mrithi. Mhadhiri wa fasihi alisoma kwa madaha mno, watu wakaacha kuandika wakabaki kumsikiliza. Mimi nilisoma kama ninayewahi gari, nikanyang’anywa karatasi kwenye sentensi ya tatu. Wakati huohuo sauti yake mwenyewe ilianza kumsaliti. Mwaka jana, kufikia sentensi ya nane, alikuwa anakunywa maji ya moto kila baada ya mstari, na ukumbi mzima ulimsubiri kwa heshima na huruma. Alichoka, jamani. Ilikuwa inaumiza kumtazama. Lakini kila aliyemwambia apumzike aliulizwa swali lilelile: na mlango nimwachie nani?

Hapo ndipo anapoingia mhadhiri msaidizi wetu, tunayemwita Binti Kalamu. Miaka kadhaa nyuma alikuja kupimwa bila somo lenyewe kwenye cheti. Lugha aliisikia kwa shangazi yake aliyekuwa akipokea wageni hotelini. Katikati ya imla wino wake uliisha. Kwa haya akaendelea kukwaruza karatasi kavu. Mzee aliiona kalamu inayokwenda bila kuandika, akasimamisha ukumbi, akampelekea ya kwake, kisha akaisoma sentensi ile mara ya tatu. Ndiyo mara ya tatu pekee inayojulikana katika historia ya idara, na kamati ilimwita kujieleza. Alijieleza. Msichana akapangwa kundi la wanaoanza, akasoma, akahitimu, na leo ana meza mkabala na yangu.

Mwaka huu aliomba asome yeye. Mzee alikataa mara mbili, kama ilivyo ada, kisha akakubali kwa sharti. Yeye angekaa kiti cha mwisho kabisa, aandike imla pamoja na waombaji. Sentensi moja tu isipomfikia, atatia sahihi mkataba mwingine. Mkuu wa idara alikuwa nao tayari mezani. Shemeji alijua. Asubuhi ya mtihani alimpigia simu katibu muhtasi, akamwambia, “Mwanangu, akishamaliza tu unipigie. Usiniandikie ujumbe, nipigie.”

Nilikuwa msimamizi upande wa nyuma. Mzee aliingiza magoti yake kwa shida chini ya meza ya mwanafunzi, akavaa miwani, akakung’uta kalamu. Binti Kalamu alisimama mbele, kiti chake amekitundikia mtandio. Akasoma sentensi ya kwanza, macho kwenye karatasi. Akairudia, macho kwenye kalamu. Mzee akaandika. Ya pili akaandika. Ya tatu akaandika. Ya nne iliposomwa, kalamu yake ilikuwa imelala juu ya karatasi, haisogei.

Nikajua hajasikia. Nikamfikiria shemeji na simu yake, nikamfikiria yule mtoto. Nikasogea taratibu kati ya viti mpaka nikamfikia. Mzee alikuwa amelala. Kwenye karatasi kulikuwa na sentensi tatu safi, bila kosa, halafu mstari mmoja mrefu ulioteremka mpaka pembeni. Mtu ambaye kwa miaka yote hii hakuwahi hata kukaa ndani ya ukumbi ule alikuwa anakoroma kwa adabu kwenye kiti cha mwisho.

Mbele, Binti Kalamu alikuwa amemaliza kuirudia sentensi. Kalamu zote zilikuwa zimenyanyuka isipokuwa moja. Aliiona, na hakuendelea. Alingoja, akanitazama mimi, nikamtikisia kichwa. Akajiridhisha kwamba mwenye kalamu ile hana tena cha kuandika, akashusha macho kwenye karatasi, akaanza sentensi ya tano.

Alipoamka watu walikuwa wanakusanyiwa karatasi. Aliitazama ya kwake kwa muda, akaikunja, akaitia mfukoni. Mkataba haukutiwa sahihi: anayeweza kulala ndani ya ukumbi ule ameshapata wa kumwachia mlango. Kamati imeuacha mtihani uendelee, na safari ni Jumamosi hii. Begi limeshamwagwa karatasi zote na shemeji mwenyewe, amelishona upya mshikio uliokatika.

Mzee wetu, asante kwa mlango uliotushikia tulipokuwa tumechoka kuushika. Asante kwa masikio, na kwa macho yaliyokuwa kwenye kalamu zetu. Nenda kamwone mjukuu. Tunakutakia mapumziko mema.

Tunarudia: tunakutakia mapumziko mema.