Kitambaa Chekundu cha Don Teófilo

Baada ya miaka thelathini na moja, miezi mitatu na siku ishirini na tano katika Bustani ya Pomboo ya Bahía Serena, Don Teófilo Canché Poot anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Juni 2019. Hesabu ya siku ni yake mwenyewe, na ningeiacha asingenisamehe.

Mimi ni Wilberth Uc, yule wa kipaza sauti. Nimetangaza maonyesho hapa miaka ishirini na miwili, nikadhani kumsifu mtu itakuwa kazi nyepesi. Wasifu niliumaliza Jumatano, ukachapwa pamoja na ratiba. Leo asubuhi umegeuka uongo, kwa hiyo naandika mwingine haraka haraka, na kichwa kinanizunguka. Ratiba mliyoshika inasema kwamba saa tano pomboo wetu Canela atamvisha mstaafu taji la maua. Tafadhali msigeukie bwawani. Hakuna taji.

Nianze mwanzo. Don Teófilo aliajiriwa kama fundi wa pampu. Kila asubuhi alichovya kidole bwawani akaonja maji, na kiliponunuliwa kipimo cha kisasa, mzee na kipimo wakawa wanabishana. Mara mbili aliitwa fundi kutoka Mérida kuja kuamua, na mara zote mbili kilichokosea ni kipimo. Pomboo mmoja amemwibia kofia tatu, na mpaka leo hajamtaja mwizi, eti ni siri ya kazi.

Mambo yalibadilika mwaka 2001, na kosa lilikuwa langu. Katikati ya onyesho Canela alitoa kichwa juu ya maji, akawa anagonganisha taya mbele ya mkufunzi wake, Yuridia Pech. Mimi nikatangaza kwa furaha kwamba Canela anacheka, nikawaomba wageni wampigie makofi. Wakapiga. Kumbe pomboo akigonganisha taya anaonya. Makofi yalipozidi akamgonga Yuridia ubavuni, mbavu mbili zikavunjika. Don Teófilo, aliyekuwa anakaza bomba pembeni, alijitosa na viatu vyake, spana ingali mkononi, akamtoa.

Baadaye alinijia akiwa bado anachuruzika maji. Nilijua nitatukanwa, na nilistahili.

"Wilberth, yule hakuwa anacheka," aliniambia. "Na hilo unaloliita tabasamu si tabasamu. Ndivyo mdomo wake ulivyoumbwa. Hata akifa utamkuta hivyo hivyo."

Wiki iliyofuata alipewa cheo cha msimamizi wa usalama na ustawi. Wengine wangeandika kitabu cha kanuni. Yeye aliandika nusu ukurasa. Kila asubuhi kabla ya lango kufunguliwa, kila pomboo apewe samaki watatu kwa mkono, mmoja mmoja. Akikataa wote watatu, kitambaa chekundu kitundikwe kwenye lango la bwawa lake. Siku hiyo hafanyi onyesho, haogelei na wageni, na daktari aitwe. Kitambaa chenyewe kilikatwa kutoka kitambaa cha meza cha mkewe, Doña Socorro, ambaye hakuulizwa. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyevunjika hata kidole hapa kwetu.

Si kwamba alipendwa na wote. Wiki moja ya Pasaka, mkurugenzi wetu, Licenciada Arlene Rosado, alimfuata mbio mpaka langoni.

"Don Teófilo, watu mia nne wamesimama juani! Mimi niwaambie nini?"

"Waambie Canela hajala. Kwani wao hawajawahi kukosa hamu ya chakula?"

Mwaka 2011 alikufa pomboo aliyeitwa Lucero. Nilikuwa miongoni mwa tuliombeba kwa turubai, na usoni mwake niliona lile lile tabasamu nililolitangaza miaka yote. Kesho yake nilipanda jukwaani nikasema tena, "Tazameni wanavyotabasamu!" Sijui kwa nini nilisema. Labda kwa sababu karatasi yangu iliandikwa hivyo. Don Teófilo alinisikia, akaenda kuosha lile turubai.

Sasa nifike leo. Asubuhi Canela alikataa samaki wa kwanza, wa pili na wa tatu. Don Teófilo akampa wa nne, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Canela akamkataa huyo pia.

"Anajua unaondoka, mzee," Yuridia akasema huku akijifuta macho.

"Labda anajua. Labda tumbo linamuuma. Tusijitie kujua, mwanangu. Mwite daktari."

Mzee akakitundika kitambaa. Licenciada Arlene alimsihi kwa upole, akamwambia iwe mara hii tu, maana ni shughuli yake mwenyewe ya kuvishwa taji.

"Kwa sababu ni yangu," akajibu, "naifuta mimi."

Hapo ningeweza kumaliza, lakini mzee alinivuta kando, akanitia mkononi funguo za lango na kitambaa cha akiba. Nikamwambia amekosea mtu. Mimi hata kuogelea sijui, na Yuridia yupo.

"Yuridia atasema anajua kinachomsumbua Canela," akaniambia. "Licenciada naye atasema anajua. Wewe hujui kitu, Wilberth, na umechanganyikiwa mpaka unatia huruma. Kwa hiyo utaangalia."

Sijaelewa kama nilisifiwa au nilichekwa. Sielewi pia kama mtu aliyewalinda hawa wanyama miaka yote hii alikuwa anawatunza au anatusaidia kuendelea kuwafungia. Nilimuuliza hilo mwaka jana, akasema yeye pia hulala nalo. Daktari bado yuko kwa Canela ninapoandika. Hajasema lolote.

Wenzangu wote, tumshukuru Don Teófilo. Chakula cha mchana ni cochinita, nyama ya nguruwe ya kuokwa aliyoifukia shimoni Doña Socorro tangu jana, nasi tumemletea kitambaa kipya cha meza, tumechelewa miaka kumi na minane. Kofia pia ipo, ya nne.

Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa nimepiga magoti ukingoni na samaki watatu. Canela akikataa, kitambaa kitapanda langoni, na atakayetaka kubishana anitafute mimi. Na kwenye kipaza sauti neno tabasamu mmelisikia kwa mara ya mwisho.

Don Teófilo, uishi miaka mingi yenye afya, wewe na Doña Socorro. Kesho usiamke alfajiri. Lala mpaka jua likuchome. Bwawani kuna mtu.