Kabla Bomba la Jikoni Halijafunguliwa Tena

Mheshimiwa Mchungaji Thaddée; waheshimiwa wazee wa kanisa; Mama Vestine, kiongozi wa akina mama, pamoja na akina mama wote mlioketi hapa mkiwa bado mmejifunga vitenge vya jikoni; Bwana Maurice, uliyetumwa na idara ya maji taka ya mji wetu huu mdogo; wageni wetu mliotoka Hopkins, Bloomington na Brooklyn Center; baba yangu, mama yangu, na vijana wenzangu mliokaa nyuma kabisa, mahali ambapo kwa kawaida nakaa mimi: nawaamkia nyote, kila mtu kwa heshima yake. Bwana asifiwe.

Jina langu ni Merveille, binti wa Janvier. Nalitaja kwa sababu wengi wenu mnanijua sura tu. Kiswahili nilifundishwa darasani Kakuma, Kiingereza nikakikuta hapa, na kwa lugha zote mbili mimi ni mtu wa kunyamaza. Mchungaji aliponiambia kwamba nitazungumza kwa niaba ya vijana siku ya kufungua upya jiko letu, nilimsihi amchague kaka yangu Bonheur, ambaye maikrofoni ni rafiki yake. Akanijibu, "Bonheur atatuchekesha. Wewe ulikuwepo." Nikaenda nikaandika karatasi hii. Ninaogopa. Ninawaogopa ninyi kidogo, lakini kipo kitu ninachokiogopa zaidi, na ndicho kilichonisimamisha hapa.

Ninaogopa tundu la maji lililo kwenye sakafu ya besimenti yetu, vyumba vile vya chini kabisa ya nyumba.

Kwetu ni nyumba ya pili kutoka hapa, mtaa unapoteremka kuelekea kijito. Paipu inayopokea maji taka ya kanisa hupita mbele yetu na kupokea ya kwetu, halafu yote yanakwenda pamoja. Nyanya yangu, Uwimana, anaishi besimenti, kwa sababu tangu alipopasuliwa nyonga hawezi kupanda ngazi, na mlango wa nyuma unaingia moja kwa moja chumbani kwake bila ngazi hata moja. Alipotoka hospitali baada ya balaa la Januari, alihamishiwa Bloomington kwa Baba Mdogo Mugabo. Alhamisi hii amerudi. Tulimsihi abaki kule, akasema kwake ni kwa mwanawe Janvier, hawezi kuzeeka kama mgeni. Basi sasa hivi, tukiwa hapa tumevaa vizuri na kupiga makofi, Nyanya amelala pale chini, na tundu lile liko kando ya kitanda chake.

Wageni wetu huenda hawajui kwa nini jiko hili lilifungwa. Nitawaeleza.

Siku ile ya Januari tulikuwa na shukrani ya harusi. Nje ilikuwa baridi ya kugandisha kope. Humu ndani kulikuwa na samaki wa kukaanga, makayabu, wale samaki wa chumvi, sombe ya majani ya muhogo iliyolowa mawese, na mandazi ambayo watoto waliyaiba yakiwa bado yanachuruzika mafuta. Watu wakala, wakaimba, wakala tena. Mama akafunika sahani ya Nyanya na kunituma niipeleke ingali moto. Na huko jikoni, kama mnavyojua, kazi ya pili ilikuwa imeanza: kuosha.

Niseme jambo kuhusu mama zetu, nalo ni sifa. Hakuna mama wa kanisa hili anayeweza kuondoka akiacha sufuria chafu. Kwetu sufuria iliyolala na uchafu ni habari itakayosimuliwa mpaka Bujumbura. Kwa hiyo mafuta yaliyobaki humiminwa kwenye sinki, birika la maji yanayochemka likafuata, sabuni, birika jingine, na sufuria ikang'aa mpaka unaweza kuchania nywele mbele yake. Nani angewalaumu? Kule kwetu Uvira maji ya vyombo yalimwagwa uani, jua likayanywa, kuku wakamaliza yaliyobaki. Hapa uani kuna theluji, chini ya theluji kuna udongo mgumu kama saruji, na ndani ya udongo huo kuna paipu iliyopoa.

Kila nyumba humu ina chupa ya mawese, na kila mtu anajua kwamba chupa hiyo ikikaa dirishani wakati wa baridi hushikana, mpaka uisimamishe kwenye maji ya moto ndipo ikubali kumwagika. Tunalijua hilo kwenye chupa. Je, nani kati yetu aliwahi kuliwaza kwenye paipu?

Nilipofungua mlango wa nyuma wa nyumba yetu, sahani ya Nyanya mkononi, nilisikia kabla ya kuona. Tundu lilikuwa linagugumia, kama mtu anayekunywa kwa pupa, ila lenyewe lilikuwa linatoa. Maji meusi yalikuwa yameshaenea sakafuni, na juu yake yalielea madonge ya rangi ya chungwa na vipande vya majani. Niliyatambua majani yale. Ilikuwa sombe yetu, tuliyoiombea baraka mchana uleule. Harufu sitaieleza, chakula kinakuja. Ukingo wa godoro ulikuwa umelowa, na Nyanya alikuwa ameinua blanketi lake kwa mikono miwili, kama mwanamke anayevuka mto. Hakulia. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Merveille, mvua gani hii inatoka chini?"

Sikuweza kumbeba. Nilimvuta mpaka kwenye kiti, na katika kumvuta bendeji ya nyonga yake ikagusa yale maji. Niliiona ikigusa. Halafu nikakimbia kupanda mtaa bila koti.

Nikafika mlangoni mwa jiko, nikasimama. Mtoto aliyelelewa kwetu hawaambii mama zake "acheni". Nilisema samahani, mama zangu, naomba mfunge maji. Nilisema kwa sauti yangu hii mnayoisikia. Mmoja akageuka akasema, "Kumbe huyu anasemaka! Miye nilifikiri Janvier alituzalia picha ya ukutani." Jiko zima likacheka, wala si kwa ubaya, nami siku nyingine ningecheka pia. Mwingine akaniambia ningoje kwanza, sahani zimebaki chache. Bomba likaendelea kutiririka. Nikayatazama maji yale yakizunguka kwenye sinki na kuzama, masafi, yenye mapovu ya sabuni, nikijua yanakokwenda. Kila sahani iliyooshwa hapa ilikuwa inamfikia Nyanya kule. Mama zangu, mmewahi kuogopa maji safi?

Mama Vestine ndiye aliyenitazama miguuni. Soksi zangu zilikuwa nyeusi mpaka juu ya vifundo. Alinyoosha mkono akafunga bomba, kisha akatoka mbio mbele yangu, na kitenge chake, na mapovu mikononi, na barafu yote ile ya njiani, akamtoa Nyanya kwenye ule uchafu mgongoni kama anavyobebwa mtoto. Mama Vestine, sijawahi kukushukuru mbele ya watu. Nakushukuru leo, na dakika si nyingi nitakuomba kitu, kwa hiyo tafadhali usinione mjanja.

Mji ukamtuma Bwana Maurice na wenzake. Walifunua mfuniko wa chemba barabarani, ile mliyokuwa mkiegesha magari juu yake, wakakuta maji taka yameshaanza kupanda na kutambaa juu ya barafu kuelekea kijito. Wakaziba njia kwa magunia ya mchanga, wakasukuma maji ya nguvu ndani ya paipu, kisha wakaingiza kamera. Bwana Maurice alimwita baba aangalie, nami nikachungulia. Paipu ilikuwa imebaki tundu dogo katikati. Pande zote ni kitu cha rangi ya karoti, kigumu kama mshumaa, na ndani yake vimenasa vile vitambaa laini vya kupangusia wagonjwa. Vitambaa vilikuwa vyetu. Mama alikuwa akivitupa chooni kwa sababu pakiti imeandikwa kwamba vinaweza kutupwa chooni. Pakiti imedanganya. Bwana Maurice akatikisa kichwa, akasema, "Nimeona paipu za hii town zote, lakini sijawahi ona yenye inanukia lunch ya Sunday." Akacheka peke yake. Halafu akaacha kucheka, akatuambia kwamba jiko litafungwa, na likifunguliwa halafu mtaa huu ukafurika tena kwa sababu yetu, mji hautatoa ruhusa nyingine.

Hilo la jiko wazee wamelijadili sana, na ni haki yao. Lakini kuna jambo ambalo halikufika kwenye mkutano wa wazee, kwa sababu lilisemwa ndani ya chumba cha hospitali, kwa Kiingereza, na mkalimani nilikuwa mimi.

Kidonda cha Nyanya kiliingiwa na uchafu. Alilazwa tena, akafunguliwa tena, akasafishwa mpaka kwenye mfupa. Daktari alipomaliza aliketi kitandani, akanitazama mimi, akasema maneno yake taratibu ili niyabebe yote. Mliokuja nchi hii mkiwa watu wazima hamjui kazi hiyo. Sisi watoto wenu huipokea sentensi ikiwa ya mtu mwingine, na kabla haijafika kwa mwenyewe lazima ipite mdomoni mwetu na iwe yetu. Nilimwambia, "Nyanya, anasema maji yale yakikugusa tena, mwili wako hautaweza kupigana mara ya pili." Nilisema hivyo, kwa Kiswahili changu cha darasani, kwa mtu aliyenibeba mgongoni tukitoka Uvira. Nyanya akasema, "Basi mwambie asante." Nikamwambia daktari asante.

Tangu siku ile nimekuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Ninaporudi kutoka shule, kabla sijavua viatu, nashuka kusikiliza tundu. Nyanya, tangu arudi Alhamisi, ananicheka, ananiita daktari wa sakafu. Choo cha juu kikivutwa, nasimama nikingoja. Mvua ikinyesha, nangoja. Kile kilango cha kuzuia maji yasirudi ndani, ambacho mwenye nyumba tuliyopanga aliahidi kukiweka, bado hakijawekwa. Baba anampigia simu, naye anasema wiki ijayo.

Ndugu zangu, leo tunafungua jiko lenye kisanduku kipya cha kunasa mafuta chini ya sinki. Nawashukuru wote waliokitafuta na kukifunga. Lakini nimewasikia watu wakisema kwamba sasa tumepona, kwamba kisanduku kitakula kila kitu. Nikamwuliza Bwana Maurice. Ndiyo, mimi mwenyewe nilimwendea nikamwuliza. Akanijibu kwamba kisanduku hushika mafuta yaliyopoa. "Ukiyamwaga na maji ya ku-boil," akasema, "yanapita tu hapo kama mgeni ako na kadi." Yanapita yakiwa laini, yanakwenda kugandia mbele, penye baridi. Na mbele, kwa mtaa wetu, ni wapi?

Kwa hiyo lile birika tunaloliamini, lile linalosafisha kila kitu mbele ya macho yetu, ndilo linalosafirisha uchafu wetu hadi mahali tusipopaona.

Kabla sijapanda hapa nilipita jikoni. Sufuria kubwa ya mafuta ya kukaangia iko kando ya sinki. Ya mawese iko pembeni yake. Na birika limeshawekwa kwenye moto. Simtaji aliyeliweka, maana hakuliweka kwa ubaya; ameliweka kwa sababu ni mama safi, na anataka tukimaliza kula wageni wakute jiko linang'aa. Nilitaka kulizima, mkono ukakataa. Nimeanza kusoma hotuba hii huku nikilisikiliza.

Ombi langu ni hili, nami najua uzito wake. Mafuta yaachwe yapoe, yamiminwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Sufuria zipanguswe kwa karatasi kabla hazijaguswa na maji, na karatasi iende kwenye pipa la taka. Maji yawe ya vuguvugu. Na kama jua litakuwa limezama na mafuta bado ya moto, basi, mama zangu, nawaomba sufuria zilale chafu. Zilale chafu humuhumu kanisani, na wageni waone. Mgeni akiuliza ni nani aliyeziacha hivyo, mwambieni ni Merveille wa Janvier, ameomba yeye.

Mama Vestine, nilisema nitakuomba kitu. Naomba ya kwanza kulala chafu iwe ya kwako. Ya kwako ikilala, hakuna mama mwingine atakayeona aibu.

Nimefika mwisho. Mchungaji, Mungu akubariki kwa kunilazimisha. Bwana Maurice, ahsante wewe na wenzako, mnaofanya kazi ambayo tunaikumbuka ikishindikana tu. Baba na mama, samahani kama nimesema ya ndani. Sala ya chakula bado, na kabla haijaombwa nitashuka jikoni nikazime lile birika na kuyahamishia mafuta mbali na sinki. Bonheur yuko kwa Nyanya, ameshika simu, atupigie tundu likianza kugugumia. Sufuria ni nzito na ni ya moto, siwezi kuibeba peke yangu.

Asanteni kwa masikio yenu. Sasa naomba mikono.