Cyril Aspinall na Vigae Vyeupe vya Jengo la Penhallow

Baba yetu, Cyril Aspinall, alizaliwa tarehe 9 Machi 1937 huko Everton, Liverpool, mtoto wa tatu wa mpakuaji wa pamba bandarini na mama aliyefua nguo za watu. Alisoma shule ya parokia hadi miaka kumi na mitano, akafanya vibarua, kisha akaitwa jeshini kama vijana wote wa wakati ule.

Mwaka 1959 aliajiriwa kulitunza Jengo la Penhallow, ofisi za wafanyabiashara wa pamba tangu enzi za Malkia Victoria. Wapita njia walisifu uso wake wa mawe, wenye majani na vichwa vya simba vilivyochongwa. Yeye alipenda ndani: ngazi ya chuma iliyojizungusha hadi juu, paa la kioo, na ule uwazi wa ndani uliovikwa vigae vyeupe ili mwanga ushuke hadi kwenye meza za makarani wa chini. Alivisugua vigae hivyo kwa mkono wake mpaka alipostaafu mwaka 2002.

Ndiko alikompata mama yetu, Winifred, mpiga taipu wa ghorofa ya tatu. Siku moja mama alifungua dirisha la kwenye uwazi ule, baba akisugua.

"We Cyril, vigae vya hapa kwangu vinang'aa kuliko vya mkurugenzi. Unatafuta nini?"

"Nakuletea mwanga, dada."

"Mwanga umetosha, unanipofusha. Lete chai."

Walifunga ndoa tarehe 3 Juni 1961, katika kanisa hili hili tunamomuaga leo. Mama alitutangulia mwaka 2011.

Mwaka 2018 wenye jengo walitaka kuligeuza hoteli, na majirani wakapinga. Mwanangu Kieran, aliyekuwa ameajiriwa na mkandarasi wa wenye jengo, alikuja kumwona babu yake. Walikula mchuzi wa nyama na viazi mezani kwangu.

"Babu, ndani hawagusi kitu. Michoro ya ujenzi nimeiona kwa macho yangu."

Baba alikwenda kwenye ukumbi wa jiji akawaomba watu wasipinge tena. Wakanyamaza, kwa sababu aliyesema ni Cyril.

Mwaka uliofuata alipita pale akienda kununua gazeti. Kupitia madirisha ya mbele aliona mawingu. Ndani palikuwa shimo tupu, na ule uso wa mawe umeegemezwa kwa nguzo za chuma. Alimwuliza Kieran kama alijua.

"Nilijua, Babu. Ningekwambia, usingewanyamazisha."

Baba hakupita tena mtaa ule.

Mapafu yalimsumbua tangu mwaka 2020. Alifariki nyumbani kwangu alfajiri ya tarehe 11 Februari 2022. Kwa desturi yetu, gari la jeneza husimama kidogo mbele ya mahali marehemu alipofanyia kazi. Nilikuwa nimemwuliza mapema anatakaje.

"Msinisimamishe pale mbele, Bernadette. Ule ni uso wa maiti uliopakwa poda. Piteni uchochoroni."

Uchochoroni, kwenye ukuta ulioungana na nyumba ya jirani, kimebaki kipande cha vigae vyeupe. Leo tutasimama hapo.

"Na Kieran, baba?" nilimwuliza siku ile.

"Abebe jeneza. Auhisi uzito wangu."

Kieran amesoma maneno haya kabla hayajachapwa. Alisema, "Mama, usifute hata moja." Atashika upande wa kushoto.

Marehemu ameacha watoto wawili, Bernadette na Terence, wajukuu wanne na kitukuu mmoja. Mungu ampumzishe kwa amani, mahali ambapo mwanga unafika hadi chini.