Mchakamchaka Usistaafu Pamoja Nami

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mama Mkuu wa Shule, walimu, wazazi mliotoka Igoma, Bujora na hata ng'ambo ya Kamanga, nanyi wanafunzi wangu: walionizidi umri, shikamooni. Simwoni hata mmoja. Basi ninyi wote, marahaba!

Nimeambiwa niage kwa ufupi. Lakini miaka yote niliyoongoza mchakamchaka wa alfajiri hapa Kisesa, nani aliniambia nifupishe njia nikafupisha? Hakuna kijana aliyenipita mlimani. Mwalimu Nestory, usicheke, wewe ulibaki nyuma ukasingizia viatu.

Leo nina swali, na mimi kukosa jibu si kawaida yangu. Huzuni inatokaje mwilini mtu akikimbia?

Mnamkumbuka Getruda huyu, aliyekaa hapo mbele, alipokuwa kidato cha tatu. Hakufiwa, hakufeli, hakugombana na mtu. Akaacha kula, akaacha kusema, akalala kageukia ukuta. Wengine wakasema karogwa, wengine mvivu. Daktari wa mjini akasema ni ugonjwa wa huzuni, akampa dawa, akaagiza na mwili usilale tu. Shule ikataka kumrudisha kwao. Nikabisha. Nikaomba niachiwe hadi likizo, nikasimama nje ya dirisha la bweni.

"Getruda, amka tukimbie."

"Babu, niache. Hata kikombe sikiwezi."

"Kikombe kiache hapo. Leta miguu."

"Utanipigia kelele mpaka lini?"

"Mimi sichoki. Muulize mke wangu."

Akatoka kwa hasira, si kwa kupona. Mwanzoni alijikokota nyuma ya wote kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Baadaye akakimbia kidogo. Baadaye, Mama Mkuu, ulimsikia mwenyewe jikoni akigombania ukoko wa ugali, ukaja kunipa mkono.

Nikatangaza kote: ni sauti yangu! Wimbo wangu umemponya! Kisha malaria ikaniangusha, nikalala nyumbani Igoma nikijua kwamba bila mimi hakimbii mtu. Asubuhi moja nasikia vishindo barabarani. Mke wangu Bernadeta akachungulia, akashangaa kwa Kisukuma chake: "Ng'wana we, si wanao hawa!" Getruda yuko mbele, anaongoza wimbo wangu, na ubeti wa pili anaukosea.

Nilifurahi, na niliumia. Kumbe si sauti yangu? Basi ni nini? Jasho? Pumzi? Kukimbia bega kwa bega na wenzako? Au ile dawa? Nilimfuata daktari. Akasema, "Mzee, kukimbia kunawasaidia wengi, si wote. Kwa nini hasa, hata sisi bado tunachunguza." Nikamwambia achunguze upesi, mimi nasubiri.

Sasa nasikia mwakani alfajiri itakuwa ya tuisheni, maana siku hizi za soko huria kila mzazi anaitaka. Someni, sikatai. Lakini mna hakika bwenini humo hakuna mwingine aliyegeukia ukuta? Dirishani pake atasimama nani? Mheshimiwa, Mama Mkuu, alfajiri ile msituondolee.

Redio mliyonizawadia nimeipenda. Filimbi ya mchakamchaka lakini siirudishi stoo. Getruda, njoo uishike wewe, na ule ubeti wa pili uurekebishe. Kesho alfajiri nitakuwa getini. Mimi si mfanyakazi wenu tena, hamna wa kuniamuru nirudi nyumbani.

Mmenivumilia, mmenisikiliza, nami nawashukuru wote. Asanteni sana.